TRENI ILIYOKATAA KUTENGENEZWA
(Maneno yaliyosemwa katika mkutano wa tawi, yamepigwa chapa kwa ajili ya wanachama waliokuwa zamu)



Tumepewa nafasi hii tuseme habari za programu za kompyuta na sheria ya hakimiliki. Tangazo lilipobandikwa juma lililopita, ndugu mmoja wa karakana alituuliza: "Sisi na spana zetu, tuna nini na hakimiliki? Hayo si mambo ya waimbaji?" Swali lake ni la haki, na ndilo tulilokuja kulijibu. Sisi wenyewe tulisoma shule ya msingi ya misheni, tukafundishwa kusoma, kuandika, hesabu na katekisimu. Kompyuta tuliikuta kazini. Kwa hiyo tutasema kwa lugha ya kazi, na ye yote ajuaye zaidi atusahihishe.

Tuanze na kitu tunachokijua. Wazee waliotutangulia walituhadithia habari za injini kubwa za moshi za Garratt, za aina ya 59. Ziliundwa Manchester, Uingereza, na kampuni ya Beyer Peacock, zikaanza kufika kwetu mwaka 1955. Ukienda Makumbusho ya Reli hapa Nairobi utaiona moja, namba 5918, iitwayo Mount Gelai. Injini ile ni kubwa mno, lakini haikuwa na siri. Bomba likivuja utaliona. Bearingi ikishika moto utainusa kabla ya kuiona. Aliyeiunda alikuwa Manchester, aliyeitengeneza alikuwa Nairobi, wala wa Nairobi hakuandika barua kuomba ruhusa kabla ya kushika nyundo. Injini ilikuwa imenunuliwa, basi ilikuwa ya reli.

Sasa twende Polandi, huko Ulaya. Kuna shirika la reli la jimbo moja, Koleje Dolnośląskie, lililokuwa na treni za umeme 11 ziitwazo Impuls, zilizoundwa na kiwanda cha Newag. Treni ikikwisha kwenda kilomita milioni moja hivi, ilipasa ifunguliwe yote, ikaguliwe, ifungwe tena. Zabuni ikatangazwa. Newag wenyewe waliomba, lakini karakana nyingine, iitwayo SPS, ikashinda kwa kuwa bei yake ilikuwa chini.

Mafundi wa SPS wakafanya kazi yao. Wakafungua treni ya kwanza, wakaifunga tena kwa kufuata vitabu vya kiwanda. Ndugu zetu wa karakana wanaijua siku ile ya kuijaribu, jinsi kila mtu anavyojifanya ana shughuli karibu na njia ili apate kuona. Kompyuta ya treni ikasema kila kitu ni sawa. Dereva akasukuma mkono. Treni haikusogea. Wakarudia kukagua nyaya zote: sawa. Umeme upo, lakini haufiki kwenye mota. Wakamaliza treni nyingine, nayo vile vile. Hayo yalikuwa mwaka 2022. Treni zikawa zimelala karakana, safari zikapunguzwa, abiria wakasongamana. Na mbele ya watu jambo lilikuwa wazi kabisa: treni iliingia ikitembea, ikatoka imekufa, basi aliyeishika ndiye aliyeiua. Vitabu vya kiwanda vilikuwa na kurasa kama 20,000, na ndani yake hapakuwa na neno lo lote juu ya kufuli.

Mtu mmoja wa SPS, walipokwisha choka kabisa, akaingia katika intaneti akatafuta maneno haya tu: wadukuzi wa Polandi. Msicheke, ndivyo walivyosimulia wenyewe. Akapata kikundi cha vijana kiitwacho Dragon Sector, ambao hushindana na mataifa mengine katika michezo ya kufumbua programu. Watatu kati yao wakaja, wakatoa programu iliyo ndani ya kompyuta ya treni, wakakaa nayo majuma mengi wakiisoma. Hapo mkataba wa SPS ulikuwa karibu kuvunjwa.

Walichokisema baadaye mbele ya watu ni hiki. Ndani ya programu waliona namba za mahali, zile zinazotoka kwa satelaiti, na namba hizo zilikuwa za karakana za washindani wa Newag. Treni ikikaa katika karakana kama hiyo siku 10, programu iliifunga isiende. Katika treni nyingine waliona kwamba ukiondoa kifaa kimoja na kuweka kingine cha namna ile ile, chenye namba nyingine, inajifunga. Na palikuwa na njia ya kufungua: kubonyeza vitufe fulani kwa utaratibu fulani katika chumba cha dereva.

Tena kuna moja inayotushangaza kuliko zote. Treni moja ilikuwa imeandikiwa tarehe ya kuugua. Programu iliuliza: je, siku imefika 21 au zaidi, na mwezi umefika 11 au zaidi, na mwaka umefika 2021 au zaidi? Ikiwa yote ni ndiyo, ionyeshe kwamba kompresa imeharibika. Lakini aliyeandika hesabu ile hakuifikiri vizuri. Januari ni mwezi wa 1, na 1 haijafika 11. Kwa hiyo ukivuka mwaka mpya treni hupona yenyewe, hata Novemba ije tena. Treni ile haikuwa njiani mwishoni mwa mwaka 2021. Ilirudi kazini mwezi wa Januari, ikaenda vizuri miezi kumi, halafu tarehe 21 Novemba 2022 ikasema kompresa ni mbovu. Kompresa ilikuwa nzima. Sisi tumeona wagonjwa wa namna nyingi katika reli, lakini mgonjwa wa kalenda hatujapata kumwona.

Haki ni kusikiliza pande zote mbili. Mambo haya yalipotoka katika magazeti, mwezi wa Desemba 2023, Newag walikana. Walisema hawakuweka na hawaweki vizuizi vya namna hiyo, na kwamba habari hizi ni masingizio ya washindani wao. Walisema pia kwamba kuingilia programu ya treni kunaweza kuhatarisha maisha ya watu. Vijana wale wakasimulia yote katika mkutano wa wataalamu mjini Hamburg, Ujerumani, mwisho wa mwezi ule ule. Ndipo Newag wakawapeleka mahakamani, wao pamoja na SPS, na kesi ikaanza kusikilizwa Warsaw mwaka 2024. Na moja ya mashtaka, ndugu yetu wa karakana, ni hakimiliki.

Maana katika sheria programu ni kama kitabu. Hata sheria yetu ya Kenya, Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001, inaiweka programu ya kompyuta pamoja na kazi za maandishi. Sisi hatuoni ubaya kwa hilo. Aliyeandika programu amefanya kazi, naye asinyang'anywe jasho lake. Lakini kitabu hakiwezi kuzuia magurudumu. Ukinunua Biblia ukaisoma usiku kucha, hapana mtu atakayekushtaki kwa kuisoma. Treni ni ya shirika, karakana imepewa kazi na shirika, na programu imo ndani ya treni. Inakuwaje fundi ashtakiwe kwa kusoma kile kilichomzuia kumaliza kazi aliyopewa?

Hoja ya usalama hatuipuuzi. Sisi ni watu wa reli, tunajua nini hutokea breki isiposhika. Hatutaki kila mtu mwenye kompyuta ya kubeba afungue programu ya breki na kuandika apendavyo. Lakini kusoma ni kitu kimoja, kubadili ni kitu kingine, na vijana wale wanasema hawakuibadili programu. Tena, kufuli isiyoandikwa katika kitabu cha fundi ni usalama wa nani?

Mambo haya hayakuanzia Polandi. Marekani walitunga sheria mwaka 1998 iliyokataza kuvunja kufuli za kompyuta zinazolinda kazi zenye hakimiliki. Ilisemwa ni kwa ajili ya filamu na muziki. Kabla ya miaka 20 kwisha, wakulima wakaona sheria ile ile imesimama kati yao na matrekta yao. Ilibidi wapewe ruhusa maalumu mwaka 2015, na mwaka 2018 ikaongezwa ili mkulima aweze kumwita fundi mwingine amfanyie. Huko Ulaya, tarehe 6 Oktoba 2021, mahakama kuu ya nchi za Umoja wa Ulaya iliamua katika kesi ya serikali ya Ubelgiji na kampuni ya Top System kwamba aliyenunua programu kwa haki anaweza kuifumbua ili kusahihisha makosa yanayoizuia kufanya kazi. Sheria yetu ya 2001 nayo ina milango miwili. Mmoja unakataza kuvunja kinga zilizowekwa na mwenye kazi. Mwingine unamruhusu mwenye programu kwa haki kutoa nakala kadiri ya haja ili kusahihisha makosa. Mlango upi utafunguliwa siku fundi wetu atakaposimamishwa mbele ya hakimu, hilo ni jambo la kumwuliza wakili wa chama mapema, kabla ya siku hiyo.

Tusidhani tunasema habari za mbali. Miaka michache iliyopita sisi wa zamu moja tulikuwa na mashine ya karakana. Hatutaitaja, wala aliyeiuza, wala mahali. Ilisimama Jumatatu asubuhi, ikaandika namba katika kioo chake. Kitabu tulichoachiwa hakikuwa na namba ile. Tukaambiwa tusiguse, fundi wa kampuni anakuja. Alikuja siku ya tisa. Akachomeka waya, akabonyeza, akanywa chai yetu, mashine ikaamka. Hakulegeza hata nati moja. Lakini katika siku zile tisa mwenzetu mmoja, fundi wa miaka mingi, alikuwa amekwisha andikiwa barua ajieleze kwa nini ameharibu mashine. Mashine ilipoamka hapana aliyemwomba radhi, na barua ile bado imo katika faili lake. Yeye hana Dragon Sector wa kumsomea.

Hilo ndilo linalotuuma. Siku tisa za kungoja zinaweza kuhesabiwa kwa shilingi na mtu akalipa. Jina la fundi linalipwa na nani?

Tena, kwa upesi, neno kwa madereva. Injini inayojua iko wapi inajua na dereva yuko wapi. Treni zile za Polandi nyingine zilikutwa na kifaa cha kupeleka habari nje kwa njia ya simu. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 31, inalinda faragha, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inampa mtu haki ya kuambiwa habari zake zinakusanywa kwa kazi gani. Anayeendesha na aulize: habari za mkono wangu na mwendo wangu zinakwenda kwa nani, na zinakaa muda gani? Kuuliza hivyo si uasi.

Basi tunaiomba kamati ipeleke mambo haya mbele ya wakubwa katika mazungumzo yajayo. Mashine yo yote mpya ikinunuliwa, mkataba uandike kwamba namba zote za makosa ziwe katika kitabu na kitabu kikae karakana; kwamba muuzaji aape kwa maandishi hakuna kufuli iliyofichwa; na kwamba mafundi wetu wafundishwe kusoma kompyuta ya mashine hiyo, si kuisafisha kioo tu. Na juu ya yote, mfanya kazi asiandikiwe barua ya kosa kabla ya programu kusomwa mbele ya mjumbe wa chama. Wakikataa mengine yote, hili la mwisho tusiliachie.

Ili kamati isiende mikono mitupu, karatasi zipo kwa katibu wa tawi. Kila karakana iandike jina la mashine iliyosimama, namba iliyoonyeshwa, ilisimama siku ngapi, nani aliyekuja kuifungua, na kama kuna mtu aliyeandikiwa barua. Mtu akiogopa kuandika jina lake aache, siku na namba zinatosha. Tafadhali karatasi zirudi kabla ya Ijumaa jioni, kwa sababu gazeti letu hupigwa chapa Jumamosi.