Jicho la Gemu Juu ya Mchanga wa Ziwa Nyasa

Dume la samaki ambaye wataalamu humwita Mchenga conophoros ni mdogo, anaenea kiganjani. Akitaka kuoa, hujenga. Huchota mchanga kwa mdomo, huogelea nao, huutema mahali palepale alipoutema mwanzo, kisha hurudi kuchota tena. Siku zikipita huinuka kilima kilichochongoka kama pia iliyopinduliwa, chenye kisahani juu yake. Jamaa yake, Copadichromis virginalis, hufanya kinyume: yeye huchimba shimo. Jike hupita, hukagua, hutaga, hubeba mayai mdomoni na kwenda zake. Dume hubaki na ujenzi.

Samaki hawa ni wa Ziwa Nyasa, ziwa lenye kina kinachozidi mita 700 na aina za samaki ambazo makadirio yake huanzia 500 na kufika 1,000. Hakuna ziwa jingine duniani lenye aina nyingi kiasi hicho. Wakazi wa Mbamba Bay na Liuli, ufukweni upande wa Tanzania, hawahitaji kuambiwa hayo. Wanawajua mbuna wanaong'aa kwenye miamba, wanamjua mbasa, na dagaa wanaofuata taa usiku. Lakini mchanga unaohama kidogo kidogo chini ya maji, mdomo mmoja baada ya mwingine kwa wiki nzima, ni jambo ambalo jicho la mtu haliwezi kulifuatilia. Mtu huchoka, hulala, hupepesa.

Mwaka 2020 watafiti wa Georgia Institute of Technology, huko Atlanta nchini Marekani, walieleza katika jarida la Scientific Reports jinsi walivyopata jicho lisilochoka. Juu ya matangi ya samaki waliweka kompyuta ndogo ya Raspberry Pi, inayoenea mfukoni, wakaiunganisha na Kinect. Hiyo Kinect ni kamera iliyotengenezwa na Microsoft kwa ajili ya Xbox, ili watu wacheze gemu sebuleni kwa kurusha mikono na miguu bila kushika kitu.

Mhadhara huu unafuata safari ya jicho hilo: lilivyotoka kwenye gemu likaishia kupima mchanga wa samaki wa Nyasa, na kwa nini kazi hiyo ilifanyika Atlanta, si Mbamba Bay.

Gemu zenyewe si ngeni Mbinga, mji wa njia ya kwenda Mbamba Bay. Kama ilivyo katika miji mingi ya Tanzania, mashine iliyozoeleka vibandani ni PlayStation 2, iliyouzwa zaidi ya milioni 150 duniani. Mpangilio wa kibanda cha gemu haubadiliki sana kutoka mji hadi mji: televisheni mbili tatu, benchi, pedi zilizofutika alama kwa vidole, na sheria moja isiyoandikwa popote, kwamba anayefungwa anapisha. Wachache waliokaa kwenye mabenchi hayo wanajua kuwa mashine hiyohiyo iliwahi kuwekewa jicho. Mwaka 2003 Sony ilitoa EyeToy, kamera ndogo ya kuweka juu ya televisheni, iliyotokana na kazi ya mhandisi Richard Marks. EyeToy iliona picha bapa tu. Ilijua kwamba kitu kimesogea, lakini haikujua kiko karibu au mbali.

Umbali ndio ulioleta Kinect. Ilipoingia madukani Novemba 2010, ndani yake kulikuwa na taa ndogo inayomwaga maelfu ya nukta za mwanga wa infraredi, mwanga ambao macho yetu hayauoni, pamoja na kamera ya kuzisoma nukta hizo. Nukta iliyoangukia mkono ulionyooshwa mbele huonekana imehama kidogo kuliko iliyoangukia ukuta wa nyuma, na kutokana na kuhama huko kompyuta hukokotoa umbali, mara 30 kwa sekunde. Toleo la pili, la mwaka 2013, lilikwenda njia nyingine: linarusha mwanga na kupima unachelewa kiasi gani kurudi. Mwanga husafiri sentimita 30 hivi katika sehemu moja ya bilioni ya sekunde. Kupima ucheleweshaji mdogo namna hiyo kwa kifaa cha sebuleni, tena cha kuuziwa watoto, ni ufundi ambao haukupata sifa uliyostahili kwa sababu tu ulivaa nguo za mchezo.

Kinect ilitokaje kwenye gemu? Kwa kuvunjwa kufuli. Kampuni ndogo ya vifaa vya elektroniki ya New York, Adafruit, ilitangaza zawadi kwa mtu wa kwanza atakayeandika programu huria ya kuifanya Kinect izungumze na kompyuta yoyote. Microsoft ilinung'unika, Adafruit ikapandisha zawadi hadi dola 3,000. Haikupita wiki tangu kifaa kitoke, Mhispania Hector Martin akaishinda. Baadaye Johnny Chung Lee, aliyekuwa akifanya kazi Microsoft kwenye mradi wa Kinect wenyewe, alifichua kwamba fedha za zawadi zilitoka kwake. Mtu wa ndani alilipa ili mlango ufunguliwe kutoka nje. Bila mlango huo, watafiti wa samaki wangebaki wakitazama kifaa kizuri kisichowahusu.

Kibiashara Kinect ilianza kwa kishindo, ikauza milioni nane katika siku 60 za mwanzo, kisha wachezaji wakaichoka. Mwaka 2017 Microsoft ilisimamisha utengenezaji wake.

Upande wa picha yenyewe, historia inajulikana zaidi na inaweza kupitwa haraka. Mwaka 1969 Willard Boyle na George Smith wa Bell Labs walibuni kihisi kinachogeuza mwanga kuwa chaji za umeme zinazoweza kusomwa kwa mpangilio. Mwaka 1975 Steven Sasson wa Kodak aliunda kamera ya dijitali yenye uzito wa karibu kilo nne, iliyotumia sekunde 23 kuandika picha moja kwenye kaseti. Katika miaka ya 1990 Eric Fossum na wenzake, wakifanyia kazi vyombo vya anga za juu vya NASA, walitengeneza kihisi kinachotumia umeme kidogo. Ndicho babu wa kamera iliyo katika kila simu janja inayopiga picha mibuni ya kahawa milimani Umatengo.

Kupiga picha kukawa rahisi. Kuisafirisha ndiko kulikobaki kugumu.

Katika hili gemu zilitoa somo kubwa. Mwaka 2007, huko San Francisco, Justin Kan alivaa kamera kofiani akawa anarusha maisha yake mubashara mtandaoni. Maisha hayo hayakuwa na mvuto sana, lakini mtambo uliojengwa kuyarusha ulikuwa mzuri, na watu walioutumia kuonyesha gemu wakawa wengi hata mwaka 2011 wakatengewa mahali pao, Twitch. Miaka mitatu baadaye Amazon iliinunua kwa dola milioni 970. PlayStation 4, iliyotoka mwishoni mwa 2013, ilikuwa na kitufe cha kushirikisha wengine kwenye pedi yenyewe. Mashine ilikuwa ikirekodi muda wote na kuhifadhi dakika 15 za mwisho, ili goli zuri lisipotee kwa sababu hakuna aliyejua kuwa lingefungwa.

Nyuma ya hayo yote kuna hila ya kubana video. Picha hukatwa vipande vya mraba; kila kipande hulinganishwa na picha iliyotangulia; kilichobaki vilevile hakitumwi tena, na kilichohama huambatana na maelezo mafupi kwamba kimehama upande gani na kwa kiasi gani. Hesabu ya kufinya vipande hivyo ilichapishwa mwaka 1974 na Nasir Ahmed, mzaliwa wa India aliyekuwa akifundisha Marekani, pamoja na T. Natarajan na K. R. Rao. Ombi la Ahmed la fedha za kuifanyia utafiti, miaka miwili kabla, lilikataliwa.

Kinachotumwa, basi, ni tofauti. Na hapo ndipo kazi ya Atlanta inapopendeza, maana samaki naye alisomwa kwa tofauti. Kinect haikuulizwa mchanga unaonekanaje. Iliulizwa umepanda wapi na umeshuka wapi tangu asubuhi. Ukitoa kimo cha asubuhi katika kimo cha jioni, ramani ya kazi ya dume kwa siku nzima inajitokeza: hapa alichota, pale alitema. Kisha likaja swali la pili. Mchanga huhamishwa pia wakati wa kula, samaki anapouchuja mdomoni kutafuta chakula. Ili kutenganisha kula na kujenga, watu walikaa wakatazama vipande zaidi ya 14,000 vya video na kuvipanga katika makundi kumi ya matendo, kimoja kimoja, kabla akili unde haijafundishwa kufanya hivyo yenyewe.

Tanzania ina mfano mkubwa wa kazi ya aina hiyo. Mradi wa Snapshot Serengeti, ulioanza 2010, ulitega kamera 225 zinazopiga picha zenyewe mnyama anapopita. Hakuna kilichorushwa mubashara. Kadi za kumbukumbu zilibadilishwa kwa mkono. Picha zilizopatikana, mamilioni kadhaa, zilitambuliwa kwanza na watu waliojitolea kupitia intaneti, wengi wao wasiowahi kufika Serengeti, na kutokana na majibu yao mashine ikafunzwa kutambua wanyama wa aina 48.

Mbamba Bay ingeanzia wapi? Kwenye hesabu. Video ya wastani ya megabiti tano kwa sekunde hula gigabaiti 2.25 kwa saa. Saa kumi za mchana wa samaki mmoja ni zaidi ya gigabaiti 22. Hakuna bando la simu la kubeba mzigo huo kila siku bila kumfilisi mwenye nalo. Umeme nao ni wa juzi. Hadi mwishoni mwa muongo uliopita, njia ya kilovolti 220 kutoka Makambako ilipofika Songea, eneo hili lilitegemea sana majenereta ya dizeli. Barabara ya Mbinga hadi Mbamba Bay sasa ni ya lami, na gari lenye kadi za kumbukumbu linaweza kupeleka data nyingi kuliko mnara wowote wa ufukweni. Si dhihaka, Serengeti ilifanya hivyohivyo.

Wenye kazi hii kwa jukumu wapo. Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi Tanzania, TAFIRI, ina kituo Kyela, kaskazini mwa ziwa hilohilo. Na wa kupanga vipande vya video wapo vijijini: mvuvi wa Liuli anayemtambua samaki kwa jinsi anavyogeuka tu anaweza kufanya kazi ambayo Atlanta iliwapa watu waliolazimika kujifunza kwanza. Malipo yake yapangwe mapema, na jina lake liwe kwenye chapisho, si katika shukrani za ukurasa wa mwisho. Mafundi simu wa Mbinga mjini wanaofungua vioo na kubadili kamera kila siku hawatashindwa kuziba kasha lisiloingiza maji.

Kinect yenyewe, hata hivyo, haitafaa ziwani. Maji humeza mwanga wa infraredi upesi, na kilichowezekana katika tangi la kina kifupi hakiwezekani penye mita tano. Rangi nyekundu nayo hupotea baada ya mita chache, hivyo mbuna wa kina hicho huonekana wa buluu na kijivu mpaka amulikwe taa. Njia iliyobaki ni ya zamani kuliko gemu zote: kamera mbili za kawaida zilizofungwa sambamba kwenye fremu moja, zikiachana sentimita chache kama macho, na kompyuta ya kulinganisha picha zake jioni, ufukweni, kwa umeme wa sola.