Swali la Mwanafunzi Lisichekwe



Nashukuru kwa heshima mliyonipa ya kusema mbele yenu hapa Gatete. Nimeombwa nizungumzie masomo mawili yanayowatisha vijana wetu wa sekondari, nayo ni hisabati na fizikia. Wengi huyakimbia wakidhani hawakujaliwa akili ya kuyafahamu. Mimi nasema akili wanayo. Wanachokosa ni mlango wa kuingilia, na mlango huo u karibu nao.

Tazameni mirathi. Mtu amefariki, akaacha mke, mwana mmoja wa kiume, mmoja wa kike, na shamba la michikichi 24. Mke hupata thumni, yaani miti 3. Katika 21 iliyobaki, mwana wa kiume hupata 14 na wa kike 7. Mwanafunzi aliyeigawa michikichi hiyo ubaoni hataziogopa sehemu tena. Wala jambo hili si geni: Al-Khwarizmi, aliyeandika kitabu cha aljebra huko Baghdad katika karne ya 9, alitia ndani yake mlango mrefu wa mirathi.

Litazameni na ziwa letu Tanganyika, ambalo kina chake hufika mita 1,470 hivi. Kasia likizamishwa majini huonekana limepindika. Hapo pana somo la mwanga. Mafuta ya mawese huelea juu ya maji. Hapo pana somo la uzito na ujazo. Toboeni kopo matundu matatu, moja juu ya jingine, mlijaze maji: tundu la chini hutoa maji kwa nguvu kupita mengine. Mwalimu na aanze hapo, kisha ndipo alete kanuni.

Lakini hayo yote ni bure ikiwa kijana anaogopa kuuliza. Mwaka 1963, Erasto Mpemba, mwanafunzi wa Magamba huko Tanganyika, alitia maziwa ya moto katika jokofu ili afanye aiskrimu, yakaganda kabla ya yale ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa. Aliuliza sababu, akaambiwa amekosea. Baadaye, akisoma Mkwawa, Iringa, alimwuliza Dakta Denis Osborne, aliyekuwa akifundisha chuo kikuu Dar es Salaam. Wenzake wakamcheka. Mgeni hakucheka, aliahidi kujaribu, akajaribu, na mwaka 1969 wakatoa makala pamoja. Hata leo wataalamu wanabishana juu ya jambo hilo, nalo linaitwa kwa jina la Mpemba.

Ndugu zangu, nakiri mbele yenu kwamba mimi nami niliwahi kumnyamazisha kijana aliyeniuliza nisilolijua. Hakuuliza tena mwaka mzima. Kosa hilo lingali likinichoma.

Basi mwalimu asione haya kusema, "Sijui, na tujaribu." Na mzazi asimkemee mtoto aulizaye mara mbili.

Mwenyezi Mungu atuzidishie elimu yenye manufaa. Wassalaam alaykum.