Darasa la Wazee
(Hotuba kwa walimu na washarika wa Kisiba, wakati wa jubilei)



Nimeombwa kunena habari ya kuwafundisha wazee. Kufundisha si jambo geni kwetu. Tangu wamisionari wa Berlin na wa Moravian walipofika nchi hii ya Rungwe mwaka wa 1891, shule na kanisa vimekwenda pamoja. Lakini mzee aliyekwisha kuweka jembe chini, anayetunzwa na watoto wake au na majirani, huyo twampelekea unga na blanketi na maombi. Darasa hatumpelekei. Twadhani haja zake zimekwisha.

Naomba niungame kosa langu kwanza. Rais Nyerere aliutangaza mwaka wa 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, na baada yake nchi nzima ikaingia darasani, wengine chini ya miti. Mimi nalikuwa kijana, nikapewa wanafunzi, na wengi wao walikuwa na umri wa kunizaa. Hata Agosti 1975 ukafanyika mtihani wa taifa. Walioandikishwa walipita milioni 5, na waliofanya mtihani walikuwa kama milioni 3 na laki 8. Kulikuwa na ngazi nne: ya kwanza ni ya aliyehudhuria tu, na ya nne ni ya aliyeweza kusoma gazeti na barua na kuweka hesabu zake. Kazi ile ilikuwa kubwa, wala siidharau. Mwaka wa 1967 wasiojua kusoma walikuwa kama 67 katika kila watu wazima 100. Kwa hesabu ya serikali ya mwaka wa 1986 hawakufika 10.

Basi, katika darasa langu alikuwamo bibi mmoja, mjane. Mwanawe alikuwa katika kazi ya reli ya TAZARA, naye humpelekea mama barua pamoja na fedha. Barua zile husomwa na mtu mwingine, na mtu huyo alikuwa akitaja shilingi pungufu. Bibi alitambua, lakini hakuwa na ushahidi. Kwa hiyo akaja kujifunza. Mimi sikumwuliza sababu ya kuja, wala yeye hakusema. Matokeo yalipofika nikasoma majina mbele ya wote, na jina lake likawa katika ngazi ya pili. Wengine wakacheka. Hakurudi tena darasani, nami nikaandika katika daftari: ameacha.

Miaka ikapita ndipo nikasikia kwa jirani yake ya kuwa bibi yule alikuwa akizisoma barua zake mwenyewe, kwa kidole, neno moja moja, barua moja kwa jioni mbili. Na fedha ikawa haipungui. Ninyi walimu, niambieni: alishinda au alishindwa? Daftari langu lasema alishindwa.

Kwa sababu hiyo nasema, kabla ya kununua chaki, mwendeeni kila mzee nyumbani kwake mkamwulize ataka kujua nini, mkaliandike neno lake kama alivyolinena. Hiyo ndiyo mizani. Baada ya miezi mitatu rudini na karatasi ile ile mkaone kama analiweza. Asipoliweza, wa kwanza kuulizwa ni mwalimu. Tena, aliyeacha darasa mwendeeni kabla ya wote, maana yeye ndiye ajuaye kasoro yake. Mimi sikumwendea yule bibi.

Neno la pili ni nani aketi na nani, na hapa desturi zetu zina hekima kuliko vitabu vingi vya walimu. Monica Wilson, aliyekaa Rungwe pamoja na mumewe Godfrey kati ya mwaka wa 1935 na 1938, aliandika jinsi Wanyakyusa wa zamani walivyojenga vijiji kwa marika, na jinsi walivyouthamini ukwangala, yaani kukaa na kuongea na watu wa rika lako. Mzee hufunguka kinywa mbele ya rika lake. Mkimweka pamoja na wajukuu atanyamaza, nanyi mtasema hafahamu.

Tena alieleza habari ya mkamwana na baba mkwe, ya kuwa mkamwana humwepuka, halitaji jina lake, hata maneno yanayofanana nalo huyakwepa. Najua vijana mtasema hayo yamepita. Kwa wengi yamepita. Lakini wako akina mama wazee waliolelewa hivyo, na mwalimu akimlazimisha mmoja wao kusoma kwa sauti neno lenye jina la mkwewe, atamwona amesimama kimya, akadhani ni ujinga. Kumbe ni adabu. Mwulizeni kwanza faraghani, mkamchagulie neno lingine.

Mambo mengine ni mepesi. Herufi ziwe kubwa. Kiti kiwe na mgongo. Saa iwe ya mchana, si jioni, na wakati wa masika darasa liwe nyumbani kwa yule asiyeweza kutembea, maana mvua zetu mwazijua. Anayefahamu Kinyakyusa kuliko Kiswahili aanze kwa Kinyakyusa. Na wengine watakufa kabla ya kumaliza. Msikatae kuwaandikisha kwa ajili hiyo.

Huenda mtauliza, wazee wa leo wana haja gani, maana barua hazipo tena? Zipo, siku hizi huja kwa simu. Mzee hupelekewa fedha katika simu, asijue kuifungua, akampa kijana simu pamoja na namba ya siri. Kijana akasema zimekuja elfu kumi. Je, zilikuwa elfu kumi?

Daftari jipya ninalo hapa, nami nitaliacha mezani pa katekista. Jina la kwanza nimeandika langu, na haja yangu nimeiandika pembeni: nataka kutoa fedha zangu kwa simu bila kumwambia mjukuu wangu namba ya siri.