Chumvi Namba 7

Mwaka 1873 daktari Mjerumani Wilhelm Schüßler wa Oldenburg alidai kwamba maradhi huzuka seli zinapopungukiwa madini, na akapendekeza chumvi 12 za kuyatibu. Hadi leo maduka ya dawa Ujerumani huuza vidonge vya namba 7, magnesiamu fosfati. Watu huikoroga katika maji ya moto na kuinywa tumbo likisokota. Tupige hesabu. Kwa kawaida huzimuliwa mara sita, kila mara moja kwa kumi: inabaki sehemu moja katika milioni. Ndizi moja ina magnesiamu nyingi kuliko vidonge laki moja vya aina hiyo! Kilichobaki karibu chote ni sukari ya maziwa. Maji ya moto, sawa, huenda yakatuliza. Wasiwasi wangu ni mwenye kidole tumbo anayekoroga tu, huku daktari wa upasuaji akimngoja.