KUWASHWA SEHEMU ZA SIRI: USIFICHE, TENA USIJIPAKE OVYO

(Maneno ya mfanyakazi wa reli mbele ya wanachama, Eldoret)



Nimepewa zamu ya kusema juu ya afya, nami nimechagua jambo ambalo wanaume huliona aibu: kuwashwa manena na sehemu za siri. Naona wengine wanacheka. Chekeni, lakini sikilizeni, maana jambo hili huleta ugomvi nyumbani. Mtu akiwashwa, mara humshuku mkewe, au mke humshuku yeye. Basi jueni kwamba mara nyingi mwasho huu hautokani na uzinzi. Ni ugonjwa wa ngozi, na dawa yake ipo. Lakini lazima ujue ni ugonjwa gani, kwa kuwa dawa ya mmoja si dawa ya mwingine.

Kwanza, choa. Huletwa na ukungu mdogo sana, ambao hupenda joto na unyevu. Sisi twaupa nyumba nzuri. Eldoret iko juu, kama mita 2,100. Asubuhi ni baridi, twavaa nguo mbili mbili chini ya ovaroli, na mchana twatoka jasho humo humo. Alama yake ni duara kwenye paja kwa ndani, ukingo umeinuka na una magamba. Mara nyingi ukungu hutoka miguuni, kati ya vidole, kwa sababu ya mabuti. Kwa hiyo vaa soksi kabla ya chupi, usiupandishe juu. Dawa ni krimu ya kuua ukungu, kama klotrimazoli, asubuhi na jioni, wiki mbili hadi nne. Usiache siku ile mwasho unapokoma. Tibu na miguu pia.

Pili, upele. Huu ni mdudu mdogo anayechimba ngozi na kutaga mayai. Huwasha zaidi usiku. Tazama kati ya vidole vya mkono, viwikoni, kitovuni, na vijipu vigumu kwenye uume na mfuko wa korodani. Mtu anayeupata mara ya kwanza aweza kukaa wiki nne hadi sita kabla hajawashwa, na huku anaambukiza wenzake kitandani. Ndiyo maana kujitibu peke yako ni kazi bure. Watu wote wa nyumba wapakwe dawa siku moja, tangu shingoni hadi nyayoni, kisha warudie baada ya wiki moja. Kwa mtoto mchanga na mama mjamzito, ulizeni hospitali kwanza. Nguo na mashuka yafuliwe kwa maji moto, au yafungwe ndani ya mfuko siku tatu. Hata baada ya mdudu kufa, mwasho waweza kukaa wiki kadhaa. Usidhani dawa imeshindwa.

Tatu, ngozi kuunguzwa na vitu. Ngozi ya korodani ni nyembamba mno. Grisi, dizeli na sabuni kali huidhuru. Sisi tuliosoma shule za misheni tulifundishwa kunawa baada ya kwenda choo. Ni vema. Lakini mtu wa karakana na anawe kabla pia! Na nguo za ndani zisuuzwe hata sabuni yote itoke.

Sasa nawaonya. Ziko krimu zilizotiwa dawa iitwayo steroidi. Ukipaka juu ya choa, mwasho hutulia upesi, nawe wasema umepona. Kumbe ukungu unastawi na kuenea, na ngozi hukonda ikapata michirizi isiyofutika. Waulize wauza dawa kilichomo kabla hamjalipa. Wala msipake mafuta ya taa wala dawa ya kuogeshea ng'ombe.

Kama kuna kidonda, malengelenge, usaha, au chawa wa sehemu za siri, nenda hospitali upesi, wewe na mwenzako. Kidonda cha kaswende mara nyingi hakiumi wala hakiwashi, kwa hiyo usikidharau. Na mwasho ukirudi rudi, omba kupimwa kisukari na virusi vya UKIMWI. Hapa mjini tunayo Hospitali ya Moi, na zahanati zipo. Daktari ameona mengi, hatakucheka.

Mwisho, ndugu, hili si la mtu mmoja tu. Mwenye ovaroli moja hawezi kubadili ikilowa. Hakuna wa kuoga pasipo bafu. Kwa hiyo naleta shauri kwamba viongozi wetu wadai jozi mbili za nguo za kazi kwa kila mtu, na maji na sabuni mahali pa kazi. Anayeniunga mkono na asimame.