TUFUATE MFEREJI HADI MWISHO
(Mazungumzo kwa wanachama juu ya fungu la kusaidia shule, Igawa)



Safari hii wengi wenu mmependekeza fungu letu la kusaidia jamii liende shuleni. Ni jambo jema. Lakini fungu hilo ni jasho la watu, limetoka kwenye magunia ya mpunga. Tusiishie kukabidhi na kupiga makofi.

Jamani, nani hufungua maji kwenye banio kisha akaenda kulala? Tunaufuata mfereji hadi jaruba la mwisho, tuone kama maji yamefika. Kuufuata msaada namna hiyo ndiyo tathmini.

Mfano upo hapa hapa nchini. Mwaka 2013 na 2014 shirika la Twaweza, pamoja na watafiti, lilifanya majaribio yaitwayo KiuFunza katika shule za msingi 350 za wilaya 10. Shule nyingine zilipewa shilingi 10,000 kwa kila mwanafunzi kwa mwaka. Kwingine walimu waliahidiwa bahashishi kwa kila mtoto wa darasa la kwanza hadi la tatu atakayefaulu mtihani. Kwingine walipata yote mawili, na kwingine hawakupata kitu, ili pawepo cha kulinganisha.

Matokeo yake? Shule zilizopewa fedha tu zilinunua vitabu na vifaa, lakini baada ya miaka miwili watoto wao hawakuwa wamejua zaidi kuliko wale wa shule zisizopewa. Palipokuwa na fedha pamoja na bahashishi, watoto walijifunza zaidi. Wangehesabu stakabadhi peke yake, wangepeana hongera wakaenda zao.

Kwa hiyo kamati tunapendekeza:

1. Kabla ya kutoa, tuseme wazi tunataka nini kibadilike: mtoto wa darasa la tatu asome na aelewe.

2. Watoto wapimwe kabla ya msaada, wapimwe tena baada ya mwaka.

3. Matokeo, mazuri na mabaya, yabandikwe hapa ukutani na yasomwe mkutanoni, walimu na wazazi wakiwepo.

Mwalimu asiogope, wala mweka hazina. Hatumtafuti mtu wa kumkamata. Maji yasipofika, mkulima hafukii mfereji, hutafuta palipoziba.

Mkutano ujao tutapiga kura. Njooni na maswali, akina mama msikae nyuma, maana ninyi ndio mnaojua mtoto yupi anasoma na yupi anakariri tu.