Mfinyanzi Asile Gaeni

Hotuba kwa wajumbe wa vyama wanachama juu ya ari na ujasiri wa mafundi wa kazi za mikono katika Nyanda za Juu Kusini



Wahenga walisema kwamba mfinyanzi hulia gaeni. Walimwona fundi anayewafinyangia watu wote vyungu vizima, naye nyumbani kwake akila katika kipande cha chungu kilichovunjika. Wengi huusikia usemi huu wakacheka. Hata hivyo, ndani yake mna swali linalokihusu kila chama chenye mafundi miongoni mwa wanachama wake. Kwa nini mtu atengenezaye kitu kizima aishi kwa kilichovunjika? Na akiisha kuishi hivyo miaka mingi, huupata wapi moyo wa kuketi tena asubuhi mbele ya bonge la udongo?

Katika mikutano ya ushirika, mazungumzo huwa ni kahawa, chai, mpunga, kakao, pareto na mbolea. Ni haki yawe hivyo, kwa maana hayo ndiyo mazao yaliyoujenga ushirika wa sehemu hizi. Lakini zimo kaya nyingi, Mbeya na Iringa, ambamo fedha ya chumvi, ya sabuni na ya daftari la mtoto haitoki katika mizani ya chama. Hutoka katika mikono ya mama anayefinyanga au anayesuka. Fundi huyo akivunjika moyo, hapana takwimu itakayoonyesha hasara. Ufundi utapotea kimyakimya, kama kijito kinavyokauka.

UDONGO ULIOGEUKA SHAMBA

Katika Wilaya ya Kyela, upande wa mashariki wa Matema, Milima ya Livingstone inashuka kwa ghafula hadi majini katika Ziwa Nyasa. Huko ndiko kuliko Ikombe, makazi ya Wakisi. Ardhi ya kulima ni finyu, kwa kuwa mlima umesimama nyuma ya nyumba na ziwa limelala mbele yake. Tangu zamani wanaume wa Kisi wamekuwa wavuvi, na wanawake wafinyanzi. Walivipeleka vyungu kwa jirani zao Wanyakyusa wenye mashamba yenye rutuba, wakarudi na chakula. Hivyo udongo mfinyanzi ukawa shamba la watu wasiokuwa na shamba.

Itazameni kazi yenyewe. Udongo huchimbwa, huchambuliwa mawe, hukandwa mpaka ulainike. Chungu huinuliwa kwa mikono mitupu, pasipo mashine. Hukaushwa taratibu, kwa sababu kikikaushwa kwa pupa hupata nyufa. Husuguliwa mpaka king'ae, hutiwa nakshi, kisha huchomwa kwa moto wa wazi. Na Kyela ni miongoni mwa sehemu zinazopata mvua nyingi kabisa katika Tanzania nzima. Mfinyanzi aliyepanga vyungu vyake motoni huutazama moto kwa jicho moja, na jicho la pili huyatazama mawingu. Kazi ya siku nyingi yaweza kupasuka kwa saa moja, na hapana wa kumlaumu.

Vilivyopona hupakiwa katika mitumbwi hadi Lyulilo, karibu na Matema, ambako siku ya Jumamosi huwa ni siku ya soko la vyungu. Hapo mfinyanzi hukutana na jaribu jingine. Asubuhi mnunuzi huuliza bei, akaondoka. Saa tisa hurudi akauliza tena. Jua linapoelekea kuzama husimama mbele ya vyungu vile vile, akataja nusu ya bei, kwa maana anajua kwamba mama huyu hataki kuvirudisha vyungu mtumbwini. Ndugu wajumbe, ujasiri wa fundi hupimwa saa hiyo, wala hakuna anayempigia makofi.

MILULU YA IRINGA

Huko Iringa, wanawake wa Kihehe husuka vikapu kwa milulu, majani yaotayo penye majimaji. Milulu hukatwa, huanikwa juani, huchambuliwa, na mingine hutiwa rangi. Kisha jani hupitishwa juu na chini ya jingine, mara mamia, mpaka kikapu kisimame chenyewe. Zamani kikapu kilikuwa chombo cha nyumbani, cha kubebea na kuwekea nafaka na unga. Ndoo na mabeseni ya plastiki yalipoenea, watu wengi waliona kwamba siku za kikapu zimekwisha, kama walivyoona juu ya chungu yalipokuja masufuria. Siku hizo hazikwisha. Leo kikapu cha Iringa huuzwa Dar es Salaam, na huvuka bahari kupamba nyumba za watu ambao hawajapata kuiona milulu ikiota.

Jambo la kuangaliwa ni kwamba msusi hasuki akiwa amepumzika. Husuka baada ya kutoka shambani, chungu kikiwa jikoni, mtoto akiwa mgongoni. Wako wanaodhani kuwa sanaa huhitaji nafasi, ukimya na mahali pa pekee. Wangekwenda kumtazama mama huyu. Mistari ya kikapu chake ni matuta ya shamba lake, na rangi yake ya kahawia ni udongo uliomshika miguuni asubuhi ile. Ilhamu yake haikutumwa kutoka mbali. Ilikuwa mbele ya macho yake, naye akawa na adabu ya kuitazama.

MIFANO MIWILI

Wapo waliothibitisha jambo hilo mbele ya ulimwengu. Edward Saidi Tingatinga, aliyezaliwa Tunduru mwaka 1932, alikwenda kutafuta kazi mbali na kwao, akafanya vibarua na kazi za nyumbani. Hakusoma chuo cha sanaa. Mwishoni mwa miaka ya 1960, huko Dar es Salaam, alianza kuchora wanyama na ndege juu ya mbao laini za kujengea, kwa rangi za kung'aa za kupakia baiskeli. Vifaa vyake vilikuwa vya dukani, vya kila mtu. Alifariki mwaka 1972, lakini aliokuwa amewafundisha hawakutawanyika. Waliendelea pamoja, na mwaka 1990 wakawa chama cha ushirika kinachojulikana kwa jina lake. Mtu mmoja aliiona njia, na ushirika ukaizuia isiote majani.

Mfano wa pili uko Iringa mjini. Mwaka 2003, chini ya Dayosisi ya Ruaha ya Kanisa la Anglikana, ilianzishwa karakana ya Neema Crafts, ikianza na vijana watatu viziwi. Kazi yao ya kwanza ilikuwa kutengeneza karatasi kutokana na kinyesi cha tembo. Watu walikuwa wamezoea kuwaona walemavu kama mzigo wa familia, na kinyesi kama kitu cha kurukwa njiani. Vijana wale wakakitwaa kilichodharauliwa, wakakifanya kitu cha kuandikia. Karakana ilikua, ikawapa kazi watu wengi wenye ulemavu. Mwenye kutafuta ujasiri na aanzie hapo.

UJASIRI UNA HESABU ZAKE

Hata hivyo, ujasiri usiokuwa na hesabu ni ushupavu mtupu. Fundi wengi wanajua kusuka, lakini hawajui kikapu kimewagharimu kiasi gani. Chukulieni mfano wa kufundishia. Msusi ameuza kikapu kwa shilingi 10,000, akarudi nyumbani akifurahi. Milulu na rangi vimemgharimu 3,000, na nauli 1,000. Zimebaki 6,000. Kikapu kilimchukua saa 20. Basi kila saa ya macho yake, vidole vyake na mgongo wake imelipwa shilingi 300. Kama chama kingekusanya vikapu na kuviuza pamoja kwa shilingi 15,000 kila kimoja, gharama zikiwa zile zile, saa moja ingelipwa shilingi 550. Vidole ni vile vile na milulu ni ile ile. Kilichobadilika ni kwamba msusi hakusimama peke yake mbele ya mnunuzi.

Mnunuzi atasema, "Haya si majani tu, mama?" Asiyejua hesabu yake atatazama chini. Anayeijua atajibu kwa upole, "Ndiyo, baba, ni majani, na saa ishirini." Jibu hilo ni ujasiri unaoweza kufundishwa kwa daftari na kalamu.

WAJIBU WA CHAMA

Ndugu wanaushirika, isisahauliwe kwamba ushirika wa kisasa ulizaliwa miongoni mwa watu wa kazi za mikono. Mwaka 1844, katika mji wa Rochdale, Uingereza, watu 28, miongoni mwao wafumaji waliobanwa na mishahara midogo na chakula ghali, walichanga pauni moja moja, wakafungua duka dogo lenye siagi, sukari, unga na mishumaa. Walichekwa. Lakini kanuni zao ndizo zilizo msingi wa vyama hata leo.

Hapa nchini, ushirika nao umeonja gae. Vyama vikuu vilivunjwa mwaka 1976, na sheria ya mwaka 1982 ikavirudisha. Wazee waliokuwa wanachama nyakati zile wanajua uchungu wa kuanza tena, kutafuta madaftari na kuwashawishi majirani waliokwisha kata tamaa. Chama kilichoanza upya chapaswa kumwelewa fundi ambaye vyungu vyake vimepasuka motoni.

Kwa hiyo kila chama chenye mafundi kina mambo manne ya kufanya.

Kwanza, kiwape mafundi nafasi katika mkutano mkuu, wala wasiitwe siku ya ngoma na maonyesho peke yake. Mwenye kufinyanga ni mzalishaji kama mwenye kulima.

Pili, kiwe na ghala. Chungu kilicholazwa ghalani mpaka Jumamosi ijayo hakiuzwi kwa nusu ya bei jua likizama. Chumba kimoja kikavu chenye kufuli na daftari la mapokezi kitampa mfinyanzi ushujaa kuliko hotuba kumi.

Tatu, kisimamie ubora bila woga na bila upendeleo. Kikapu kilichosukwa kwa kulegea kisipokelewe, hata kikiwa cha mke wa mwenyekiti. Mnunuzi akidanganywa mara moja, atawaadhibu wasusi wote kwa kosa la mmoja. Lakini aliyekataliwa aonyeshwe kosa lake kwa upole na apewe mwalimu, kwa kuwa aibu haijapata kumfundisha mtu kusuka.

Nne, kilipe kwa wakati na kwa risiti. Fundi aliyeahidiwa fedha akangoja miezi mitatu atamrudia mlanguzi, wala hatakuwa na kosa. Mlanguzi hulipa kidogo, lakini hulipa leo.

Na kwenu, mafundi mliomo katika vyama: msiingoje siku ya utulivu ili mfanye kazi nzuri. Siku hiyo huenda isije. Tazameni vilivyo karibu nanyi, mawimbi, matuta, manyoya ya kanga. Jaribuni nakshi mpya katika kikapu kimoja kati ya kumi. Kikikataliwa, tisa vitakulisheni. Wafundisheni binti zenu, na vijana wa kiume wakitaka wasifukuzwe. Tena mnapouza vyombo kumi vizuri, wekeni kimoja nyumbani, mle humo. Mtoto aliyekulia chakula katika gae hataona sababu ya kuurithi ufundi wa mama yake.

Gae lenyewe lina mahali pake. Wafinyanzi wa sehemu nyingi huyasaga magae, wakayachanganya na udongo mpya, na chungu kilichofinyangwa hivyo hustahimili moto vizuri zaidi. Kilichovunjika jana huingia katika uzima wa leo. Basi mfinyanzi asile gaeni: alisage, alikande katika udongo wake, afinyange tena. Na chama kiwe karibu naye, kimeshika daftari la mapokezi na ufunguo wa ghala.